Mzigo wa Mwisho wa Nyota

Mwalimu wa Fizikia hakuwa mtu wa kutazama nyota. Jua likizama alifunga mlango, akala, akalala. Hata ule mwaka mwezi ulipopatwa, kijiji kizima cha Nyarero kikatoka nje, watoto wakipiga madebe, yeye alibaki ndani. Nilipomuuliza kesho yake alisema nyota zake hazionekani kwa macho, kwa hiyo hakuona sababu ya kupigwa na baridi. Nilicheka sana. Mimi nafundisha Kiswahili, na nilikuwa nadhani mtu aliyesomea nyota mpaka chuo kikuu lazima awe anakesha juu ya kichuguu akikodoa macho. Yeye alizisomea mezani, mchana, kwa kalamu na karatasi.

Tulifundisha pamoja sekondari ya kata kwa miaka mingi, na nyumba zetu zilitenganishwa na shamba la mihogo tu. Mimi kwetu ni upande wa Mugumu. Nyarero nilikuja kwa kuolewa, na yeye alikuwa mtu wa kwanza pale kunisalimia bila kutaka kujua kwanza mimi ni wa ukoo gani. Nilimwita Mwalimu. Yeye aliniita mama Bhoke, kwa jina la binti yangu, na ikabaki hivyo mpaka mwisho.

Nieleze hizo nyota zake kama alivyonieleza mwenyewe, maana bila hizo huwezi kumwelewa. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana, ana tonge la ugali wa udaga, wa muhogo mkavu, mkononi. Alisema nyota kubwa ikiishiwa moto wake huporomokea ndani, na kile kiini kinachobaki hubanwa mpaka uzito wa jua zima, na zaidi, unaenea kwenye kitu kidogo ambacho ukipanda bodaboda Tarime mjini, ukishuka Sirari umekwisha kukivuka. Akaliminya tonge mpaka likatokeza katikati ya vidole. Humo ndani, alisema, atomu haina tena nafasi, kila kitu kimesagika kuwa neutroni. Wengi huishia hapo. Yeye alitaka kujua ukizidi kubana inakuwaje. Wapo wataalamu wanaosema kwamba neutroni nazo hupasuka zikabaki zile chembe zilizokuwa ndani yake, ziitwazo kwaki, na baadhi ya hizo kwaki hugeuka kuwa aina ambayo huku kwetu haidumu, ndiyo maana wakaiita ngeni. Nyota nzima inaweza kuwa imejaa vitu hivyo. Inaweza tu, hakuna aliyewahi kuthibitisha.

Na swali lake, swali aliloligeuzageuza maisha yake yote, lilikuwa moja: nyota ya namna hiyo inaweza kubeba uzito kiasi gani? Kila nyota iliyokufa ina mzigo wake wa mwisho. Ukiongeza juu ya hapo inashindwa, inaporomoka yote, inakuwa shimo jeusi ambalo hata mwanga ukiingia hautoki. Alipotaja mzigo wa mwisho alishusha sauti, kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani. Kisha akanawa mikono na kuniambia ugali wa leo umepikwa vibaya.

Nilimuuliza watu wanapimaje uzito wa kitu kilicho mbali hivyo. Hapo alifurahi. Alinitoa nje, akanionyesha jirani aliyekuwa akilima kwa jozi ya maksai ng'ambo ya barabara.

"Mtazame yule wa kushoto peke yake," alisema. "Unaweza kujua ana nguvu kiasi gani?"

Nikasema siwezi. Akaniambia basi nimtazame wa kulia, jinsi anavyovutwa na kuyumba kila mwenzake akigeuka. Nyota ikiwa peke yake ni vigumu kuipima, alisema. Hupimwa ile yenye mwenzake, kwa jinsi mwenzake anavyoyumba. Tulisimama tukitazama mpaka mwenye maksai akatuuliza kama kuna tatizo na ng'ombe wake.

Darasani alikuwa mtu wa peke yake. Hakushika fimbo hata siku moja, na darasa lake ndilo lililokuwa kimya kuliko yote. Sisi wengine tulipiga kelele mpaka koo zikawasha. Yeye akisikia mnong'ono aliacha kuandika, akashusha mkono, akabaki ameutazama ubao, mgongo ukiwa kwa wanafunzi, mpaka kimya kirudi. Watoto waliniambia kwamba wangepewa kuchagua wangechagua fimbo. Na mtu huyohuyo ndiye aliyewafundisha kwamba sayansi ni ubishi, kwamba kila kilichoandikwa kitabuni kiliandikwa na mtu aliyembishia mwingine. Mwanafunzi akiandika kwenye mtihani kwamba kitabu kimekosea, alipewa alama hata kama aliyekosea ni yeye. Lakini aandike. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kusimama akasema, "Mwalimu, hapo umekosea," na kweli alikuwa amekosea. Mwalimu alifuta, akasahihisha, akamshukuru, akampa kalamu yake mwenyewe, kisha akamwomba kwa upole kwamba siku nyingine aandike. Yule msichana hakuandika wala hakusimama tena.

Vikao vyetu vya walimu si vya kitoto, na sauti zikianza kupanda yeye alikumbuka kuna kitu amekisahau maabara. Mkuu wa shule alikwisha kuzoea. Zilipokuja hizi simu na kundi la walimu la WhatsApp, watu wakianza kurushiana maneno ungeona tu imeandikwa kwamba Mwalimu amejitoa, na baada ya siku chache mtu anamrudisha bila kusema kitu. Jambo likimgusa yeye mwenyewe alisubiri kelele ziishe, akarudi, akasema maneno mawili: "Hilo tuliache." Ajabu ni kwamba tuliliacha. Mtu mwembamba, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni, sauti yenyewe ya kutegea sikio, na wanaume wa Kikurya wenye vifua vyao wanakaa chini. Niliwahi kumtania kwamba mbabe wa shule hii ni yeye. Hakucheka. Aliondoka, na nikajua nimemuumiza ingawa sikujua wapi.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenieleza hali hiyo ilitoka wapi. Mwalimu akiwa kijana, koo mbili jirani ziligombea mpaka wa ardhi. Ilianza kwa maneno tu, wanaume wamesimama kila upande wa mtaro wakijibizana, na kabla ya saa sita mchana nyumba zilikuwa zinawaka. Kaka yake mkubwa alipigwa mshale akafa palepale mtaroni. Aliyembeba kumrudisha nyumbani ni yeye.

"Tangu siku hiyo," mama mkwe aliniambia, "akisikia watu wanabishana, yeye anasikia moto."

Na bado alioa mwanamke mwenye sauti kuliko wote Nyarero. Mama Marwa, Mungu amlaze pema, alikuwa akimgombeza mumewe mlangoni kwa Kikurya, mikono kiunoni, na mimi ng'ambo ya mihogo nikisikia kila neno, ingawa miaka ya mwanzo sikuelewa hata moja. Makosa yenyewe yalikuwa madogo. Amesahau chumvi dukani. Amemuuza beberu mzuri kwa bei ya kutupa, eti kwa sababu alikuwa anawapiga wenzake pembe. Mwalimu alisimama akimsikiliza, na nilishangaa kuona hakimbilii maabara. Alitabasamu. Siku moja nilimsikia naye akipaza sauti kumjibu, mara ya kwanza na ya mwisho kuisikia sauti ile ikiwa kubwa, na mkewe akaangua kicheko mpaka kuku wakatawanyika.

Yule mama alikufa kwa ugonjwa wa ghafla, na nyumba ikanyamaza. Walibaki wanaume wawili, Mwalimu na Marwa, mtoto wao wa pekee, wakipeana bakuli la mboga bila neno. Ilinisikitisha kuliko msiba wenyewe. Msibani angalau watu walilia.

Habari ya nyota nzito iliyozivunja hesabu zake ilifika mkewe akiwa bado hai. Mimi nilikuwa mgeni shuleni. Mwalimu alikuwa ametoka chuo kikuu kwa muda tu, ilikuwa arudi amalizie shahada yake ya juu huku kazi ya kufundisha ikimngoja. Hesabu zake zilikuwa zimemwambia kwamba nyota ya kwaki haiwezi kufikisha uzito wa jua mbili, inashindwa kabla ya hapo. Na alikuwa ameandika kwamba nyota zote za namna ile, zile ndogo nzito, ndivyo zilivyo ndani. Siku hiyo tulikuwa ofisini tunasahihisha mitihani, simu yake ikaita. Alikuwa msimamizi wake wa huko chuoni. Mwalimu alisema "ndiyo", akasema "nimeelewa", akaaga vizuri, akaendelea kusahihisha. Baada ya muda akaniambia kwamba huko ng'ambo wamepima nyota moja iliyokufa, yenye mwenzake, wameipima vizuri sana, na ina uzito wa jua mbili.

Nikamuuliza maana yake nini.

"Maana yake nyota yangu haipo," alisema, akachukua karatasi ya mwanafunzi mwingine.

Hakurudi chuoni. Msimamizi alimpigia tena akamwambia aje wajadiliane, pengine kuna njia, na mkewe alimpigia kelele asubuhi na jioni kwamba mtu haliachi shamba kwa sababu nyani ameingia mara moja. Alisikiliza wote wawili. Kwenda kule kungekuwa kusimama mbele ya watu na kubishana nao, naye hilo hakuliweza. Watu wa Nyarero wakasema amerogwa, wengine wakasema alifukuzwa. Hakumsahihisha mtu. Lakini kila likizo ungemkuta mezani na karatasi zake, anapiga hesabu zilezile za nyota ambayo mwenyewe alisema haipo. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema hajui, ila mtu akiambiwa ng'ombe wake amekufa hupenda kuuona walau mzoga.

Marwa alichukua sura ya mama yake, na mengine yote ya baba. Mwaka wa pili baada ya msiba alitaka kuoa. Binti mwenyewe alikuwa fundi cherehani pale Tarime mjini, mcheshi, mwenye mikono safi, na alikuwa wa ule ukoo mwingine, wa ng'ambo ya mtaro. Ugomvi ulikuwa umekwisha siku nyingi. Watu walikuwa wanazikana, wanachangiana harusi, wanakunywa pamoja. Lakini Mwalimu aliwaona tayari wazee wa koo mbili wamekaa kupanga ng'ombe wa mahari, pombe imepanda, mtu mmoja ametamka neno moja la zamani. Nilikuwepo siku hiyo, nilikuwa nimepeleka mboga. Marwa alijieleza vizuri, amesimama, kofia mkononi.

"Hilo tuliache, mura," baba yake alisema. Mura ni kijana. Ndivyo alivyomwita siku zote.

"Sawa, tata," Marwa akajibu. Tata ni baba. Akaivaa kofia yake akatoka.

Ilikuwa hivyo tu. Hakuna mlango uliobamizwa. Yule binti aliolewa Musoma kabla ya mavuno, na Marwa akahamia Sirari, mpakani, akafungua duka la vipuri vya pikipiki. Hajaoa mpaka leo. Sikukuu zote alikuja. Alileta sukari na majani ya chai, akasema shikamoo, akakaa, akaulizwa habari akasema ni nzuri, akaulizwa biashara akasema iko poa tu, akaaga mapema kwa sababu ya barabara. Jirani yeyote angekwambia huyo ni mtoto mwenye heshima. Mimi nilikuwa nakasirika kumwona. Nilitamani avunje hata kikombe.

Mwalimu naye alikuwa akinitazama ninavyokasirika, na sikujua kwamba tunawaza jambo moja, mpaka alasiri fulani ya mvua. Alikuwa amekaribia kustaafu. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka husikilizani, wengine wamekwisha kuondoka, sisi wawili tumekwama ofisini. Akavuta kiti karibu akaniambia amepata kosa. Nilidhani ni kwenye ratiba ya vipindi.

Ni kwenye nyota. Katika zile hesabu za zamani, ili kurahisisha, alikuwa amezichukua kwaki kama vitu visivyosukumana. Zimejazana pamoja, kila moja imetulia mahali pake, hakuna inayomgusa mwenzake. Ipo nguvu inayozifanya chembe zilizobanwa zisukumane, nayo aliijua, ila aliiandikia sifuri. Wengi waliiandikia sifuri wakati ule, alisema, lakini wengi pia walirudi baadaye kuijaribu. Yeye hata mara moja hakurudi pale. Miaka yote aliyopiga upya hesabu zake alibadilisha kila kitu, akaiacha ile sifuri, kwa sababu hakuiona kama ni kosa. Safari hii aliiondoa. Akaziacha zisukumane. Na nyota ya kwaki ikabeba jua mbili, ikabaki na nafasi kidogo.

"Basi ipo," nilisema, na nilifurahi kwelikweli, nikampiga begani kama vile mwanangu kafaulu.

"Huenda ipo. Wenzangu wamekwisha kuyaandika haya zamani, nimeyaona juzi kwenye simu. Mimi sijagundua kitu." Alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati. "Lakini inasimama kwa sababu humo ndani wanasukumana, mama Bhoke. Mimi niliwanyamazisha. Niliona nyota yenye amani itakuwa na nguvu. Kumbe hiyo ndiyo inayoporomoka."

Akaendelea, na hakuwa anaongea tena juu ya nyota. Alisema mkewe angekuwepo siku ile ya Marwa kungewaka moto nyumbani, na mtoto angeoa. Alisema alijua amekosea kabla kijana hajamaliza kuvuka uwanja, akasubiri arudi ampigie kelele, ili yeye apate pa kukubali. Amesubiri mpaka leo. Kila sikukuu humuuliza, una neno na mimi, mura? Naye hujibu kwamba hana.

Nikamwambia basi aanze yeye, amwombe radhi. Alisema alikwisha kuomba. Marwa alimjibu kwamba hakuna kosa lolote, tata, asijisumbue.

"Nataka aniambie nilichomfanyia," alisema. "Kwa mdomo wake. Nikifa kabla hajaniambia nitakuwa nimemuua na yeye, akiwa anatembea."

Sijawahi kumwonea mtu huruma na hasira kwa pamoja namna ile. Mvua ikapungua, tukafunga ofisi.

Alipostaafu moyo wake ukaanza kumsumbua. Daktari alisema umetanuka. Miguu ilivimba, kupanda hata kale kamwinuko ka kwake kukawa kazi, na kwa kuwa alikuwa peke yake, dada yake aliyeolewa Kisaka alikuja kumchukua. Nyumba ya Nyarero ikafungwa kwa kufuli. Kaburi la mama Marwa lilibaki kando ya zizi, limepaliwa, na upande wa kulia wake pameachwa wazi kwa ajili ya mumewe, kama inavyotakiwa. Mwanaume wa Kikurya huzikwa kwenye mji wake, nyumbani kwake mwenyewe. Hilo hata mtoto mdogo hafundishwi.

Nikienda kwetu Mugumu nilipindia Kisaka kumwona. Mara ya mwisho nilimkuta amekaa nje, kando ya ghala, kajifunika shuka ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyotarajia. Aliniambia Marwa yuko njiani, anatoka Sirari, na kwamba leo atabisha.

"Nimetafuta jambo ambalo hakuna mtoto wa kiume anayeweza kulinyamazia," alisema. Nilimuuliza jambo gani. Akasema nisubiri, nisimharibie.

Marwa alifika mchana, akatusalimia wote, akakabidhi sukari kwa shangazi yake. Mwalimu akamtaka akae. Akawaita na dada yake na shemeji yake, mzee wa pale, waje wasikie. Walipokaa akasema kwa sauti yake ileile ndogo kwamba akifa asipelekwe Nyarero. Azikwe hapahapa Kisaka.

Dada yake akaachia sufuria chini. Shemeji, mtu mzima ambaye si mwepesi wa kusema, akaanza kutikisa kichwa, lakini akakumbuka kwamba neno la kwanza si lake. Wote tukamtazama Marwa. Ilikuwa haki yake kukataa, na ilikuwa wajibu wake. Mama yake alikuwa kule peke yake kando ya zizi. Niliona taya lake linacheza. Niliona mkono ukilibana goti. Mwalimu alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, mdomo uko wazi kidogo, anamngoja. Nilijikuta namwombea yule kijana apige kelele.

"Sawa, tata," Marwa alisema.

"Bisha, mura."

"Nibishe nini, tata? Umeshasema."

Mwalimu akaegemea nyuma. Aliuliza habari za duka, akajibiwa kwamba liko poa. Saa moja baadaye Marwa aliaga kwa sababu ya barabara. Gari lake lilipopotea nilimwambia Mwalimu ampigie simu palepale, amwambie kwamba alikuwa anamjaribu tu, maana neno kama lile si la kuchezea. Alikataa. Alisema mtoto ana safari ndefu, atafikiria njiani, litamchoma, na atarudi kubisha. Nimpe muda. Alisema hivyo akiwa na matumaini usoni, na ni huo uso unaonijia mpaka leo nikiwa napika, nikiwa darasani. Nilimwacha pale kando ya ghala anatazama barabara.

Hakuumaliza mwezi. Moyo ulisimama asubuhi moja, akiwa ndiyo kwanza ameomba chai.

Niliwahi Kisaka kabla hawajachimba. Nilimwambia dada yake, nikamwambia shemeji, kwamba marehemu hakumaanisha, kwamba alitaka kijana akatae tu basi. Dada yake aliniamini, alilia zaidi kwa kuniamini. Lakini akasema neno la kaburi alilotamka mtu mzima mbele ya mwanawe, mimi jirani siwezi kulifuta, wala yeye dada hawezi. Aliyeambiwa ni Marwa. Marwa akisema twende Nyarero, gari lipo, jeneza litapakiwa sasa hivi. Wanaume walikuwa wamesimama na majembe yao, wanamsubiri aseme.

Nikamfuata. Alikuwa amesimama peke yake karibu na ng'ombe wa shangazi yake. Nikamweleza yote, ile alasiri ya mvua, na jinsi baba yake alivyomngoja miaka yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mama, ulikuwepo," alisema. "Uliyasikia mwenyewe."

Wakachimba. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, jua likiwa utosini na upepo unapeperusha vumbi la udongo ule mkavu wa Kisaka mpaka kwenye vitabu vya nyimbo. Jeneza liliposhushwa nilisogea nikasimama karibu na Marwa. Nilimuuliza yeye mwenyewe, kama angekuwa ni yeye wa kuamua, angetaka baba yake alale wapi. Aligeuka akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua vizuri.

"Kwa mama," alisema.

"Sasa mbona hukumwambia?"

Alichukua koleo kutoka kwa mtu aliyekuwa mbele yake, akaliingiza kwenye udongo, akalipa mgongo jeneza la baba yake ili anijibu.

"Kwetu hatubishani, mama," alisema, kisha akageuka akaanza kufukia.